Kilo ya Kichwani

Nilikuwa nimeapa kwamba sitakwenda. Kadi ya mwaliko ilipofika, nene na yenye utepe wa dhahabu, niliiweka chini ya kikombe cha chai mpaka ikapata duara la kahawia, na kila aliyeniuliza nilimwambia kwamba siku hiyo nina zamu, ingawa kwa umri wangu mimi ndiye ninayewapangia wenzangu zamu. Ilikuwa sherehe ya kutukutanisha sote tuliopitia mafunzo yale ya juu ya kutibu watoto waliolazwa, kundi baada ya kundi, na kumuaga Profesa aliyeyaanzisha. Ukumbi ulikuwa Lindi, kwenye hoteli mpya inayotazama ghuba. Mwisho wa yote nikaenda, pengine kwa sababu nilitaka kuona kama naye amezeeka. Amezeeka. Anatembea kwa fimbo na suti imempwaya mabegani. Lakini sauti ni ileile, na alipopewa kipaza sauti, kabla hatujaletewa hata pilau, akaanza kusimulia kisa cha mizani.

Kijana mmoja daktari aliyekaa karibu nami aliniambia kwamba huwa anakisimulia kila mwaka, kwa kila kundi jipya. Kisa chenyewe, kwa mdomo wake, ni hiki: hospitali ndogo ya pwani ilikuwa na mizani mbovu iliyopunguza kilo moja, na madaktari wakazoea kuiongeza kilo hiyo kichwani. Siku moja mizani ikatengenezwa, na muuguzi wa wodi, mama mtu mzima, mwema tu lakini elimu yake mnaijua tena, hakumwambia mtu. Daktari akaongeza kilo isiyokuwepo, dawa ikazidi, mtoto akafa. Hapo Profesa hutua, hunywa maji, kisha husema kwamba ukimya wa wauguzi unaua kuliko malaria. Watu walitikisa vichwa. Wawili watatu waliandika. Binti mmoja mezani kwetu alisema masikini, akaendelea kuchambua vitunguu kwenye kachumbari. Mimi mkono ukaenda wenyewe kwenye mkoba, kwenye kitabu changu cha zamani cha vipimo vya dawa ambacho sijakitumia kwa miaka lakini sijawahi kukiacha nyumbani. Nitasema kilichokuwa ndani yake. Kwanza niuseme mwaka wenyewe, kwa sababu nilikuwepo, na huyo daktari aliyeongeza kilo ni mimi.

Nilikuwa na miaka thelathini na moja, na sijui kipi kilikuwa kimenijaa zaidi, maarifa au majivuno. Mwaka wa pili wa mafunzo ulikuwa wa vitendo. Walitutawanya kwenye hospitali za mbali, kila mmoja peke yake, na mimi nikaangukia hospitali ya taasisi moja ya hisani, kando ya barabara ya Kilwa kwenda Lindi, jirani na Kiswere. Hospitali hiyo ilifungwa zamani na majengo yake sasa ni ghala la ufuta. Wodi ya watoto ilikuwa na vitanda kumi na viwili, na siku za mvua watoto walilala wawiliwawili, mmoja kichwani, mwingine miguuni. Kila mmoja wetu alipewa daftari la mafunzo. Humo uliandika kila mtoto uliyemtibu, kila maji ya uti wa mgongo uliyovuta, kila mtoto uliyemrudishia pumzi, na mbele ya kila mstari ilitakiwa sahihi ya Profesa, aliyekuja mara moja kwa mwezi kutukagua. Bila sahihi zile hakuna ubingwa. Lile daftari tulilishika kwa uangalifu kuliko tulivyowashika watoto, na wala sitanii.

Chumba alinipa Sista Somoe, muuguzi kiongozi wa wodi, uani kwake Kiswere, alikokaa na mumewe. Kilikuwa chumba chembamba chenye kitanda cha mninga na dirisha la mbao ambalo halikufunga vizuri, kwa hiyo niliamka na harufu ya moshi wa jikoni kwake kila siku. Alikuwa na miaka hamsini hivi, mrefu, kazini mkavu wa maneno, jikoni msemaji. Asubuhi tulikula ming'oko, mizizi ya mwituni aliyoichemsha kwenye sufuria nyeusi, tukiimenya kwa vidole na kuichovya kwenye chumvi na pilipili, tukishushia na chai ya mchaichai. Mimi sikuzaliwa huko na maganda yalinishinda. Akanitazama nikihangaika, akamwambia dada yake kitu kwa Kimachinga, lugha ya kwao, wakacheka mpaka wakashikana mabega, ndipo akanigeukia kwa Kiswahili akasema, mkono wa daktari huo, mng'oko tu unamshinda. Ijumaa alipika wali wa nazi na changu wa kuchoma, na kichwa cha samaki aliniwekea mimi. Nilijiona mtoto wa nyumba ile. Nalisema hili ili ijulikane nilimfanyia nani nilichokifanya.

Mambo ya mizani aliniambia siku ya kwanza ya kazi. Ilikuwa mizani ya kuning'iniza, ya sindano, na mtu aliwahi kuiangusha. Tangu hapo sindano yake ilianzia kilo nzima nyuma ya sifuri, na skrubu ya kuirekebisha ilishaliwa na kutu. Wauguzi waliandika kwenye kadi kile walichokiona, kwa sababu utaratibu uliwataka hivyo, na daktari aliongeza kilo moja kichwani kabla ya kupiga hesabu ya dawa. Haikuandikwa popote. Aliyekuwepo alimwambia aliyekuja, basi. Nilipouliza kwa nini haitengenezwi, Sista Somoe alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini bahari ina chumvi. "Ongeza kilo, mwanangu," akasema, "watoto hawasubiri fundi." Baada ya wiki mbili nilikuwa naongeza bila kujijua.

Kulikuwa na utaratibu mwingine pia, na huu ndio unaonikera mpaka leo, kwa sababu naukuta kila hospitali ninayokwenda. Saa nne asubuhi madaktari tuliingia chumba cha chai, kwenye meza yenye kitambaa, chapati zimefunikwa. Wauguzi walikunywa yao wamesimama, karibu na sinki la kuoshea vifaa. Wanawake wenye umri wa mama zangu waliniamkia mimi, na mimi niliitikia. Na juu ya meza yao kulikuwa na kitabu cha zamu, kikubwa, cha jalada gumu la kijani, ambamo anayemaliza zamu humwandikia anayeingia yote yaliyotokea. Hakuna aliyetukataza madaktari kukisoma. Hatukukisoma tu. Kuonekana umeinamia kitabu cha manesi kulikuwa sawa na kuonekana unafua mashuka ya wodi. Profesa mwenyewe, katika ziara zake zote, sijamwona hata mara moja akikifungua, na mimi katika kila kitu nilimwiga yeye, mpaka namna ya kuning'iniza kipimo cha moyo shingoni.

Mwezi wa saba wa mwaka ule jino la mwisho lilinitesa mpaka nikaenda Lindi kung'olewa. Nilitoka Jumatano, nikakaa kwa rafiki yangu shavu likiwa limevimba, nikarudi Jumatatu kwa basi la asubuhi, na kutoka kituoni nikaenda moja kwa moja wodini, sikupitia nyumbani. Siku nilizokuwa sipo, Profesa alikuja na ziara yake, na safari hii akaja na fundi. Fundi akaibadilisha ile skrubu na sindano ikarudi kwenye sifuri. Mizani ilikuwa ileile, imening'inia palepale, na kwa mtu asiyejua hakuna kilichobadilika.

Saa tano akaja msichana wa Kiswere, Mwanahawa, mwenye miaka kumi na tisa, na mtoto wake wa kwanza. Mtoto aliitwa Saidi, wa wiki tatu, ana homa na degedege lisilokatika, ngumi ndogo zimekaza kama za mpiganaji. Muuguzi wa zamu, msichana mgeni aliyekuwa amefika mwezi ule na hakuwa na habari ya fundi, alimpima na kuniletea kadi: kilo tatu. Nikaweka nne. Nilikuwa nimembeba yule mtoto mikononi na mikono iliniambia kwamba ni mwepesi, nikaiamini hesabu. Nikampa dawa ya kuzuia degedege kwa kilo nne. Halikukatika. Nikampa dozi ya pili, kwa kilo nne zilezile. Likakatika, na pumzi nayo ikaanza kukatika.

Nikaanza kumpumulisha kwa mkono, kwa ule mfuko wa mpira, na sikuacha. Mwanahawa aliketi sakafuni ameegemea ukuta, na kila nilipobana mfuko alisema ya Rabi, kwa sauti ya chini, bila kukosa hata mara moja, kana kwamba tunapumua kwa zamu mimi na yeye. Saa nane Sista Somoe akaingia zamu ya mchana. Alitazama mtoto, akatazama kadi, akatazama bomba la sindano juu ya trei. Hakunisalimia. "Uliongeza?" akauliza. Nikamwambia niliongeza. Akafumba macho kidogo, kisha akavua saa yake, akanawa mikono, akaushika mfuko ili nipumzike. Tulipokezana mpaka adhana ya alasiri ilipokwisha, na hapo hapakuwa tena na wa kumpumulisha. Labda Saidi angekufa hata kwa dozi sahihi, maana alikuwa mgonjwa sana. Hiyo labda nimeitafuna miaka ishirini na miwili na haijawahi kunishibisha.

Sista Somoe alipokuwa akimwosha mtoto nyuma ya pazia, nilikwenda kwenye meza ya wauguzi nikakifungua kile kitabu cha kijani kwa mara ya kwanza. Taarifa ilikuwepo, ya Alhamisi, kwa mwandiko wake mkubwa uliolala upande. Niliisoma mara mbili. Kisha nikaichana karatasi ile, taratibu, karibu kabisa na uzi, nikaikunja na kuitia mfukoni mwa koti. Hakuna aliyeniagiza. Nimejaribu miaka yote hii kukumbuka sauti ya mtu akiniagiza, maana ingenisaidia. Haikuwepo.

Jumatano Profesa akarudi, wakaketi kikao katika chumba cha chai, kwenye meza yenye kitambaa kilekile. Kabla hatujaitwa nilikuwa nimekaa kibarazani chini ya dirisha, nikamsikia mganga mkuu wa hospitali akimwuliza Profesa kama hakuwa yeye aliyeleta fundi, na kama alimwambia daktari wa wodi. Kijiko kilizunguka kikombeni muda mrefu. Profesa akajibu kwamba jambo lile alimwachia Sista. Halafu akaongeza, kwa sauti ya mtu anayechagua maneno, kwamba mafunzo bado machanga, na wanaoyagharamia wana macho. Tulipoingia, Sista Somoe aliulizwa kwa nini hakutoa taarifa. Akasema Profesa mwenyewe alimwambia kwamba yeye ndiye atakayemweleza daktari, lakini hata hivyo aliandika. Aliandika wapi? Kwenye kitabu cha zamu. Kikaletwa. Wakafungua Alhamisi, wakakuta Jumatano na Ijumaa. Akakivuta kitabu kwake, akapitisha kidole pale katikati, penye uzi, na nikaona kwamba amehisi mchano. Akainua uso akanitazama. Hakuwatazama wao, alinitazama mimi, na karatasi ilikuwa mfukoni mwangu, nasikia inavyokwaruza nikivuta pumzi. Profesa naye akanitazama. Alikuwa anajua kwamba alisahau kuniambia, na nadhani kwa uso wangu akajua na la pili, la ukurasa. Nikasema kwamba mimi sikupewa taarifa yoyote. Wiki ile ile akasaini kurasa zote za daftari langu zilizokuwa zimebaki nyuma, bila kuuliza swali.

Sista Somoe aliandikiwa barua ya kuachishwa kazi kwa uzembe. Siku tatu baada ya kikao niliendelea kulala uani kwake, kwa sababu sikuwa na ujasiri wa kukaa wala wa kuondoka, na siku zote tatu nilikuta sahani yangu mlangoni imefunikwa kawa. Hakusema nami neno, ila chakula aliweka. Na mimi nilikula. Siku ya nne nikahamia nyumba za madaktari. Yeye hakuwa na pa kuhamia kuikwepa midomo ya watu. Kiswere nzima ilimwita Sista aliyemuua mtoto wa Mwanahawa, wanawake aliowazalisha wakaacha kumwita, na baadaye nikasikia amekwenda Likawage kwa kaka yake kulima ufuta. Mimi nikawa bingwa. Nimefundisha vijana wengi, na kila kundi nimelilazimisha kusoma kitabu cha zamu cha wauguzi kila asubuhi, kwa ukali ambao wamenitania nao nyuma ya mgongo. Sikuwahi kuwaambia kwa nini.

Basi Lindi, Profesa alipomaliza kunywa maji yake, nilisimama. Sikuomba kipaza sauti. Nilifungua kitabu cha vipimo, nikatoa karatasi, nikaisoma mbele ya watu wote jinsi ilivyoandikwa. "Mizani imetengenezwa leo na fundi wa Profesa. Inapima sawasawa. Profesa atamwambia daktari wa wodi, lakini tafadhali atakayemwona kwanza amwambie asiongeze kilo. Somoe." Wahudumu wakasimama na trei zao. Nilikuwa nimejaa hasira na furaha mbaya ya kumwona yule mzee akitafuta kiti kwa mkono wa nyuma. Nilidhani nimemmaliza. Ndipo yule kijana daktari aliyekaa karibu nami, kwa adabu kabisa, akauliza, "Na hiyo karatasi, Daktari, wewe umeipata wapi?"

Niliwaambia. Ilichukua muda mfupi kuliko nilivyoogopa. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyeniliwaza, na pilau ililetwa kwa sababu ilikuwa tayari. Profesa aliondoka kwa mlango wa upande. Mimi nilibaki nimekasirika vilevile, ila sasa nilijua hasira yangu imelala kwa nani miaka yote hiyo.

Kesho yake nikaenda Kiswere, kwa kuwa muuguzi mmoja mstaafu aliniambia Bi Somoe amerudi huko. Nilimkuta kibarazani pa nyumba ileile anachambua mchele. Macho yake yamefifia lakini alinijua kwa sauti. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, maana salamu hainyimwi mtu, lakini hakunikaribisha kukaa. Nikamweleza yote nimesimama, nikaanza kulia, akaniambia nisimlilie pale, ana mchele wa kuchambua. Nikamnyooshea karatasi. Hakuipokea.

"Mimi nilichoandika nakijua," akasema. "Hujaniletea habari mimi." Akainua kidevu kuelekea ng'ambo ya kichochoro, nyumba ya bati yenye mlango wa kijani. "Mwanahawa anakaa pale. Nimerudi hapa mwaka wa tisa huu, hajanijibu salamu. Mume wangu amekufa, hakuvuka hiki kichochoro kunipa pole. Mpelekee yeye." Kisha akaingia ndani na ungo wake, akafunga mlango.

Nikavuka. Mwanahawa sasa ni mama mtu mzima, mnene kidogo, ana watoto wanne na mjukuu. Ilimchukua muda kunitambua, na aliponitambua akanishika mikono yote miwili, akaigeuza viganja juu, akawaita binti zake waje waone. Hii ndiyo mikono, akawaambia, iliyompa kaka yenu pumzi tangu saa tano mpaka alasiri bila kuchoka. Akatandika mkeka mpya. Akaniletea sahani ya ming'oko na chumvi na pilipili pembeni, akasema najua wewe hii huijui kumenya, nikumenyee. Alikuwa ameniombea dua, akasema, miaka yote.

Nilimwambia kabla sijakaa. Nilimwambia nani aliandika, nani alisahau kusema, nani hakusoma, na nani alichana. Akanyoosha mkono nikampa karatasi, akaisoma mwenyewe polepole, midomo ikicheza. Aliporudia jina lililoandikwa mwishoni akaikunja vilevile ilivyokuwa imekunjwa. Akaniambia, "Toka kwenye mkeka wangu," ingawa sikuwa juu yake, nilikuwa nimesimama kando. Akajitanda kanga, akanipita kama mtu anayepita nguzo, akavuka kichochoro.

Nikabaki mlangoni kwake na ile sahani. Nilimwona amesimama mbele ya nyumba ya Bi Somoe, karatasi mkononi. Akapiga hodi. Kimya. Akapiga ya pili. Akapiga ya tatu, na kwetu sisi hodi ni tatu, isipojibiwa ya tatu unaondoka. Mwanahawa akapiga ya nne.